Trei mbili ndani ya 1U: mshikio unakula nafasi ya diski, nifanyeje?

Kasha_la_Bati aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasanifu kasha la seva lenye kimo cha 1U, yaani milimita 44.45, litakalofungwa katika raki ya kawaida ya inchi 19. Ndani yake nimekusudia kuweka trei mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa ni seva kamili inayojitegemea, ambayo fundi anaweza kuichomoa kwa mbele bila kuigusa jirani yake. Nafasi iliyo wazi kati ya nguzo za raki ni milimita 450, na nikitoa unene wa reli za pande zote mbili, kuta za kasha na ukuta wa katikati, ninabakiwa na takribani milimita 210 kwa kila trei. Kina cha trei ni milimita 620. Umeme na ishara zote, isipokuwa mtandao, hupita kwa nyuma kupitia viunganishi vinavyokutana vyenyewe na bodi ya nyuma pale trei inapofika mwisho, kwa hiyo huko nyuma hakuna kebo yoyote ya kuchomolewa kwa mkono.

Tatizo langu liko kwenye uso wa trei. Kadi ya mtandao ni OCP NIC 3.0 ya umbo dogo, ambayo peke yake inachukua upana wa milimita 76. Diski ni za aina ya E1.S zenye kasha la unene wa milimita 9.5, nami nimezisimamisha wima kwa kuwa kimo chake cha milimita 33.75 kinaingia katika 1U bila taabu. Nikiweka nafasi ya hewa, kila diski inahitaji kama milimita 13. Kuna pia kitufe cha kuwashia, taa na tundu moja la USB, na sehemu yote inayobaki lazima iwe matundu ya hewa, kwa sababu feni ziko nyuma na hewa haina mlango mwingine wa kuingilia.

Nilitaka diski sita. Zimeingia nne, kwa sababu kwenye kona ya nje nimeweka wenzo wa kuchomekea na kuchomolea trei, na egemeo lake pamoja na jino linalouma ukuta wa kasha vimechukua upana wa milimita 26, ambao ni nafasi ya diski mbili kamili. Wenzo wenyewe una urefu wa milimita 90 na kimo cha milimita 20, na ukifungwa hulala mbele ya matundu ya hewa na kuziba sehemu yake. Ukifunguliwa huzunguka nyuzi 90 na kuingia katikati ya kebo za mtandao za trei ya pili, jambo linalovunja kabisa lile kusudi la kutomgusa jirani.

Siwezi kuuondoa wenzo kirahisi. Nimejumlisha kani za kuchomeka zilizoandikwa katika nyaraka za viunganishi vyangu vitatu vya nyuma, nikapata nyutoni 140 hivi, na sidhani ni haki kumtaka fundi asukume uzito unaokaribia kilo 14 kwa kiganja, tena mbele ya raki ambayo huenda trei hiyo iko usawa wa vifundo vya miguu yake. Nimefikiria utepe wa plastiki wa kuvutia, lakini utepe huvuta tu, hausukumi. Je, kuna namna ya kuficha wenzo usile uso wa trei, au nikubali diski nne?

---

Egemeo alijibu:

Ndugu Kasha, kabla ya kuutafutia wenzo wako mahali pa kujificha, ningekushauri kwanza uupunguzie kazi. Kwa maelezo yako, mshikio huo mmoja unafanya kazi tatu zisizofanana: kuivuta na kuisukuma trei katika safari ndefu ya zaidi ya nusu mita, kuishindilia katika milimita chache za mwisho ambapo viunganishi hukutana, na kuizuia isitoke baada ya kufika. Safari ndefu haihitaji nguvu zaidi ya kushinda msuguano wa reli, na kuizuia isitoke ni kazi ya komeo dogo. Ni zile milimita za mwisho pekee zinazohitaji wenzo, na ukiusanifu kwa ajili ya hizo tu, utashangaa jinsi unavyopungua.

Tufanye hesabu. Chukulia kwamba viunganishi vyako vinahitaji milimita 6 kutoka pale pini zinapogusana hadi pale zinapokaa sawasawa. Jino lililo umbali wa milimita 8 kutoka kwenye egemeo, likizunguka nyuzi 60, husogea 8 mara sine ya 60, yaani kama milimita 6.9. Hiyo inatosha. Mwanzoni mwa mzunguko mkono wa kani wa jino, yaani umbali kutoka kwenye egemeo hadi kwenye mstari wa kani, ni milimita 8 zote, na mwishoni, kwa kuwa kosine ya 60 ni nusu, unakuwa milimita 4 tu. Kwa hiyo hali mbaya zaidi ni mwanzoni: nyutoni 140 mara milimita 8, ugawe kwa urefu wa wenzo. Ukiwa na wenzo wa milimita 55 unapata nyutoni 20 kwenye kidole, na hata ukiongeza sehemu ya tano kwa ajili ya msuguano wa egemeo, bado hufiki nyutoni 25. Milimita 90 ulizoweka hazina kazi, na nyuzi 90 za mzunguko pia hazina kazi.

Sasa mahali pa kuuweka. Umesema diski zako zina kimo cha milimita 33.75. Ukitoa unene wa mabati ya juu na ya chini ya kasha pamoja na sakafu ya trei, ndani ya 1U unabaki na kimo kisichopungua milimita 40. Maana yake juu ya diski kuna ukanda wa milimita 5 au 6 unaokwenda kwa upana wote wa trei, na kwa kawaida watu huufunika kwa bati na kuusahau. Huo ndio uwe makao ya wenzo. Ukate kutoka bati la chuma cha pua la milimita 2.5, uulaze bapa, uzunguke katika mlalo wa trei badala ya kusimama mbele yake. Ukifungwa, fundi ataona ukingo wake tu, mstari mwembamba juu ya uso. Upana wake wa milimita 12 uelekee ndani, juu ya vichwa vya diski, ambako hakuna anayeuhitaji. Usihofie wembamba: kwa kani tulizotaja, mkazo ndani ya chuma cha vipimo hivyo ni wa makumi machache ya megapaskali, na chuma cha pua cha kawaida huvumilia zaidi ya 200 kabla ya kupinda moja kwa moja.

Egemeo liwe kwenye kona ya nje, jino litokeze ubavuni na kuingia katika tundu la ukuta wa kasha. Angalizo moja hapa: tundu likikatwa katikati ya bati tupu la milimita 1, ukuta utavimba kila wenzo unapobanwa, na baada ya muda jino litakula ukingo wa tundu. Likate karibu na mkunjo wa bati, au riveti kipande cha pili nyuma yake.

Utajiuliza kama wenzo mmoja wa pembeni hautaipindisha trei ikakwama kama droo ya kabati la jikoni. Kanuni ya droo ni rahisi: hukwama pale umbali kati ya kani na mstari wa katikati unapozidi urefu wa reli ulioingia, ukigawanywa kwa mara mbili ya kizidisho cha msuguano. Kwa kizidisho cha 0.2, trei iliyoingia milimita 600 haiwezi kukwama hata ukiisukuma kutoka umbali wa mita moja na nusu pembeni. Lakini trei hiyohiyo, ikiwa imeingia milimita 40 tu, hukwama ukiisukuma kutoka umbali unaozidi milimita 100, na kona ya trei yako iko milimita 105 kutoka katikati. Hii ndiyo sababu nasema wenzo usitumike kuvutia. Ukaufanye wa pembeni upendavyo, kwa kuwa unafanya kazi wakati trei imezama yote, ila kishikio cha kuvutia lazima kiwe katikati ya uso. Hapo utepe wako wa plastiki unapata kazi yake halali.

---

Njia_Baridi alijibu:

Naunga mkono hesabu za Egemeo, lakini naomba niongeze maneno ya mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya hizo raki, katika chumba cha seva hapa Dar es Salaam.

Wasanifu wengi huchora mshikio ukiwa peke yake juu ya karatasi nyeupe. Sisi hukutana nao ukiwa nyuma ya pazia la kebo. Kadi ya mtandao ikiwa mbele, kebo zake hushuka au huenda pembeni kufuata njia ya raki, na chochote kilicho chini ya matundu yake hakionekani wala hakifikiki. Kwa hiyo ukanda wa juu ni chaguo zuri, mradi ncha ya wenzo isiishie juu ya kadi ya mtandao. Iishie juu ya diski, kwa sababu diski hazina kebo.

Jambo la pili ni kidole. Wenzo uliolala ndani ya ukanda wa milimita 5 hauna pa kushikwa. Kidole cha mtu mzima kinahitaji upenyo wa milimita 15 au zaidi, na ukimtengenezea upenyo huo wa kudumu utakuwa umerudisha mlangoni kile ulichokitoa dirishani. Ninachopenda katika mashine nilizozishika ni kitufe kidogo ambacho ukikibonyeza, springi huisukuma ncha ya wenzo itokeze nje yenyewe kiasi cha kidole kupita nyuma yake. Blade, yaani seva nyembamba za kuchomeka, za HP zinazoingia katika kasha la c7000, lile la 10U linalobeba blade 16 za nusu kimo, zilitumia mtindo wa kitufe na wenzo namna hiyo, na ni nadra kuona fundi akihangaika nazo. Blade za IBM BladeCenter, zilizoanza mwaka 2002 na kukaa 14 katika 7U, zilikuwa na nyenzo mbili, juu na chini. Zilikuwa imara mno, ila zilitaka mikono miwili, na mkono wa pili mara nyingi ndio ulioshika tochi.

Rangi nayo isidharauliwe, kwani haichukui nafasi hata kidogo. Katika mashine za IBM na baadaye Lenovo, sehemu ya kushika yenye rangi ya chungwa humaanisha kifaa kinaweza kuchomolewa mashine ikiwa inafanya kazi, na buluu huonyesha tu mahali pa kushika au kufungulia. Fundi aliyezizoea rangi hizo atazifuata kwenye kasha lako hata kama hujamwandikia maelezo. Ukipaka chungwa mahali ambapo umeme haujaandaliwa kwa kazi hiyo, usishangae atakachokifanya saa nane za usiku.

Tatu, weka kizuizi cha njiani. Trei yenye kina cha milimita 620, ikiwa na vipozajoto na kumbukumbu, ni mzigo wa kilo kadhaa. Ikitoka kwa ghafla kwenye usawa wa kichwa, itamwangukia mtu. Kizuizi kinachoisimamisha trei ikiwa imebakiza theluthi moja ndani, na kinachoachia kwa kubonyeza ubavuni, kinakaa katika unene wa bati lilelile la ukuta: ni ulimi uliokatwa na kukunjwa kidogo, hauli kitu. Na kwa kuwa tuko pwani, springi zote hizo ziwe za chuma cha pua. Nimeona za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki zikianza kutu mapema kuliko mtu anavyotarajia, hasa vyumba ambavyo mitambo ya hewa huzimwa na kuwashwa ovyo.

---

Pini_Ndefu alijibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa makini, na nadhani yamesahau kwamba mwishoni mwa trei hii kuna umeme.

Kasha_la_Bati hakusema waziwazi kama trei itachomolewa ikiwa hai, yaani umeme ukiwa unapita. Kama jibu ni ndiyo, basi zile milimita 6 za Egemeo hazitoshi kuzitaja kwa jumla, kwa sababu pini hazikutani zote kwa wakati mmoja, na hazitakiwi kukutana kwa wakati mmoja. Angalia kiunganishi cha SATA, kile cha diski, kwa mfano: pini za ardhi ni ndefu ili ziguse kwanza, na kuna pini za umeme zinazotangulia wenzake ili kuzichaji kapasita taratibu kabla umeme kamili haujaingia. Mpangilio huo hula safari. Ukiwa na ngazi tatu za urefu wa pini, unaweza kuongeza milimita 2 au 3 juu ya ile safari ya kukaa sawasawa, na jino la wenzo lazima lishike kabla ya pini ya kwanza kugusa, siyo baada yake. Usipofanya hivyo, fundi atakuwa anaisukuma trei kwa kiganja hadi nusu ya pini zimeguswa, kisha anaanza kutafuta wenzo ulipo.

Hata hivyo wenzo huohuo unaweza kukuokolea kitu kingine usoni, nacho ni kitufe cha kuomba ruhusa ya kuchomoa. Katika AdvancedTCA, mfumo wa makasha ya bodi za kuchomeka, mshikio wa bodi umefungwa na swichi ndogo. Fundi akiufungua kidogo, mfumo unapata taarifa na taa ya buluu huanza kumetameta. Ikiacha kumetameta na kuwaka mfululizo, ndipo bodi inaweza kuvutwa. Kwa upande wa PCIe, njia ya data inayounganisha kichakataji na kadi au diski, utaratibu unaofanana hutumia kitufe maalumu: ukikibonyeza, taa ya umeme hupepesa kwa sekunde 5, na katika muda huo ukibonyeza tena ombi linafutwa. Wewe huna nafasi ya kitufe cha ziada, na huihitaji. Kile kitufe alichokitaja Njia_Baridi, kinachoifanya ncha itokeze, kiwe na swichi nyuma yake. Ncha ikitokeza, hilo ni ombi. Jino bado limeuma ukuta na trei haijasogea hata kidogo. Ukiurudisha wenzo ndani, umefuta ombi. Ukiuvuta hadi nyuzi 60 ndipo viunganishi vinaachana. Programu inapata sekunde zake, uso wa trei haujapoteza milimita hata moja.

Nina wasiwasi mmoja mkubwa zaidi, na huu ndio ulionifanya niandike. Wenzo wa Egemeo ni mgumu. Kati ya uso wa trei na bodi ya nyuma kuna mnyororo wa vipimo: sakafu ya trei iliyokunjwa, bodi mama iliyofungwa kwa skrubu juu yake, kiunganishi kilichochomelewa kwenye bodi, bodi ya nyuma na nguzo zake, kisha tundu la jino ukutani. Kila kimoja kina kosa lake dogo linaloruhusiwa, na kwa kazi ya kukunja bati usitegemee jumla iliyo chini ya milimita 1 kwenda na kurudi. Wenzo mgumu unaoishia mahali pamoja daima utafanya mojawapo ya mambo mawili: katika trei moja utagoma kufunga, na katika nyingine utafunga vizuri kabisa huku kiunganishi kimebaki wazi kwa milimita 1. Hilo la pili ndilo baya, kwa sababu halionekani. Umeme utapita, mashine itawaka, lakini kwenye njia za PCIe za kizazi cha 5, zinazokimbia kwa uhamisho bilioni 32 kwa sekunde, pengo dogo kama hilo kwenye kiunganishi linatosha kuleta makosa ya ishara ambayo mtu atayatafuta kwenye programu kwa wiki nzima.

Kwa hiyo lazima kuwe na unyumbufu mahali fulani, uendelee kubana kiunganishi hata baada ya kufika. Sioni umeuweka wapi.

---

Skrubu_Mbili alijibu:

Samahanini, lakini naona tunajenga saa ya ukutani ndani ya sanduku la bati. Je, trei hii itachomolewa mara ngapi katika maisha yake? Diski zinachomoka zenyewe kwa mbele, kadi ya OCP NIC 3.0 nayo imeundwa itoke kwa nje bila kufungua kasha, tofauti na kadi za kizazi kilichotangulia ambazo zililala juu ya bodi mama. Kinachobaki ndani ni kichakataji na kumbukumbu, vitu ambavyo kwa seva nyingi huguswa mara chache mno.

Skrubu mbili za kidole zisizodondoka, moja kila upande, zinafanya kazi zote tatu alizotaja Egemeo kwa kipenyo cha milimita 10. Skrubu ya M4 husogea milimita 0.7 kwa kila mzunguko, kwa hiyo milimita 7 ni mizunguko kumi, na faida yake ya kani ni kubwa kuliko wenzo wowote utakaouchora. Kadi hiyohiyo ya OCP NIC 3.0 imeruhusiwa mitindo mitatu ya ufungaji: ulimi wa kuvutia wenye skrubu ya kidole, komeo la wenzo, na kufuli la ndani linalohitaji kasha lifunguliwe. Waliouandika mpango huo hawakuona aibu kuweka skrubu.

---

Njia_Baridi alijibu:

Ndugu Skrubu_Mbili, hoja yako ina uzito, na kwa kasha lenye trei moja ningekubali mara moja. Ila skrubu mbili zinazosukuma viunganishi lazima zikazwe kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, na hakuna fundi mwenye haraka anayefanya hivyo. Atakaza moja hadi mwisho, kisha ya pili. Trei itaingia ikiwa imekaa upande, na pini za kiunganishi kilicho pembeni ndizo zitakazolipa. Zaidi ya hapo, skrubu haina sauti. Wenzo ukifunga, unausikia na unauona. Skrubu iliyobakiza mizunguko miwili inafanana kabisa na iliyokazwa.

---

Kasha_la_Bati alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimechora upya uso wa trei kwa kufuata ushauri wa ukanda wa juu, na kwa karatasi diski sita zimeingia. Egemeo sasa liko juu ya diski ya kwanza badala ya kuwa pembeni yake. Ncha ya wenzo inaishia juu ya diski ya tano, mbali na kebo. Ndiyo, trei itachomolewa ikiwa hai, kwa sababu jirani yake haitazimwa na chanzo cha umeme cha nyuma ni cha pamoja. Kwa ajili ya ngazi za pini nimesogeza jino kutoka milimita 8 hadi 10 ili nipate safari ya milimita 8.6 kwa nyuzi zilezile 60, na wenzo nimeurefusha hadi milimita 62.

Ninalobaki nalo ni hilo la Pini_Ndefu. Nikiweka springi kati ya jino na wenzo, si itabonyea kabla viunganishi havijaingia? Na nikiifanya ngumu isibonyee, si nitakuwa nimemrudishia fundi nguvu ileile niliyokuwa namwondolea?

---

Egemeo alijibu:

Pini_Ndefu amesema kweli, na maswali yako mawili yana jibu moja.

Springi isiwe legevu wakati wa kuanza. Ikazwe tangu kiwandani, kiasi kwamba isianze kubonyea hadi kani ipite ile ya kuchomeka. Viunganishi vyako vinataka nyutoni 140, basi springi iwe imekazwa kwa nyutoni 160. Wenzo ukizungushwa, springi itafanya kama chuma kigumu hadi viunganishi vifike mwisho wake na kugoma. Hapo tu ndipo itaanza kubonyea, na milimita 1.5 za kubonyea zinatosha kumeza mnyororo wa vipimo. Ikifika mwisho wa kubonyea, tuseme kani yake imepanda hadi nyutoni 200. Milimita hizo 1.5 lazima zitoke katika safari ya jino, kwa hiyo kati ya 8.6 ulizonazo, 7.1 ndizo zibaki kwa ajili ya pini. Ulinganishe na urefu wa ngazi zako kabla hujakata chuma.

Sasa angalia inapotokea. Kubonyea kunatokea mwishoni mwa mzunguko, na mwishoni mkono wa kani wa jino lako la milimita 10 umeshapungua hadi 5. Nyutoni 200 mara 5, ugawe kwa 62, ni nyutoni 16 kwenye kidole. Mwanzoni ilikuwa 140 mara 10 kwa 62, karibu 23. Kwa hiyo fundi ataona wenzo unalainika kadiri unavyofunga, ingawa kani inayobana kiunganishi inapanda.

Kuhusu mahali, usiiweke kwenye wenzo, utaunenepesha. Iweke kwenye ukuta wa kasha. Kile kipande cha pili nilichosema kiriveti nyuma ya tundu la jino, kitengeneze kwa bati la springi la chuma cha pua, kifungwe ncha moja tu, na ncha ya pili iegemee ukingo uliokunjwa ikiwa tayari imekazwa. Jino lisukumane na kipande hicho badala ya ukingo wa tundu. Kinalala bapa ubavuni, ndani ya nafasi ambayo reli tayari imeshaichukua, na kikichoka baada ya miaka kinabadilishwa kwa kutoa riveti mbili bila kuigusa trei.